USIENDE BENKI KAMA MWOMBAJI

Ndugu Wanachama,

Binti wa mwanachama wetu mmoja alimaliza chuo kikuu na digrii ya uchumi. Akaitwa na benki moja hapa Nairobi aje ahojiwe kwa kazi katika idara ya kukopesha makampuni makubwa. Baba yake ni keshia, mtu wa miaka mingi kaunta. Mtoto akasikia kwamba yuko bwana mmoja mjini anayeuza "majibu ya intavyu", akaenda akamlipa. Akapewa karatasi za Kiingereza, akazikariri zote. Suti akaazima kwa binamu yake. Siku ikafika, akaketi mbele ya watu watatu, na mmoja wao akamwuliza swali moja ambalo halikuwamo katika zile karatasi:

"Kampuni hii imepata faida mwaka jana, nayo inashindwa kulipa mishahara. Yawezekanaje?"

Binti akanyamaza. Na jibu la swali lile lilikuwa nyumbani kwao, limelala chumba cha pili! Baba yake ameona makampuni ya namna hiyo kila mwisho wa mwezi, yakileta orodha ya mishahara kaunta huku akaunti ni tupu. Hakuna aliyemwuliza. Mtoto alidhani keshia hajui kitu, na baba naye alidhani mambo ya digrii si ya kwake.

Huo ndio msiba tunaotaka kuuandika leo.

JE, HAYA YANATUHUSU?

Tunajua wako wanachama watakaosema: "Kwa nini chama kinapoteza wino juu ya wenye digrii? Hao wanaingia benki leo, kesho ni wakubwa wetu. Wamekuja kuturuka. Waacheni na mabwana zao."

Uchungu huu tunaufahamu. Karani amefanya kazi miaka kumi na tano, anajua kila faili, kisha analetewa kijana wa miaka ishirini na mitatu amfundishe kazi, na mwaka wa pili kijana ndiye anayemtilia sahihi likizo yake. Jambo hili ni baya na tutalisema hapa chini. Lakini tunauliza: kijana huyu ni mtoto wa nani? Si wa meneja peke yake. Ni mtoto wa keshia, wa tarishi, wa mwalimu, wa mama wa Gikomba. Karo yake imetoka katika mishahara ambayo chama hiki kiliipigania.

Tena mnajua ujanja wa waajiri. Kijana akiingia hupewa jina kubwa, "ofisa", "meneja mwanafunzi", na jina hilo ndilo linalomtoa katika mapatano ya pamoja baina ya chama na mabenki. Hana saa za kazi zilizoandikwa katika mapatano, na hana mwakilishi wa kumsemea. Mabenki yamekuwa yakiongeza maofisa na kupunguza makarani, na kila karani akipungua chama hupungua. Basi tukimwacha kijana afundishwe na mwajiri peke yake, tumejichimbia shimo. Tukimfundisha sisi, ataingia akijua ndugu zake ni akina nani.

Ndiyo maana tunaandika.

UONGO WA SUTI NA LAFUDHI

Wauza majibu wanasema kazi ya benki hupatikana kwa mambo matatu: suti, Kiingereza cha puani, na kujisifu. Tunasema wazi: huo ni uongo.

Nguo ziwe safi, ndiyo. Fika mapema, ndiyo. Lakini wazee wetu waliofanya kazi mjini kabla ya Uhuru wa 1963 wanakumbuka mambo yalivyokuwa: kwa kawaida umeneja wa benki ulikuwa wa Mzungu, ukarani wa Mhindi, na Mwafrika alikuwa tarishi au mlinzi wa mlango. Aliambiwa hafai kwa kuwa hana "desturi za kibenki". Desturi hizo hakuna aliyeweza kuzieleza ni nini. Zilikuwa rangi ya ngozi, basi. Leo ubaguzi wa rangi umeondoka mlangoni, na pale pale pamekaa ubaguzi wa lafudhi: umesoma shule gani, unatamkaje, baba yako anacheza gofu na nani. Anayewauzia vijana lafudhi anawauzia kufuli akidai ni ufunguo.

Jambo la pili, wale wanaohoji si wajinga wote. Anayekopesha makampuni huona mamilioni ya watu yakitoka kwa sahihi yake. Akikosea, benki inapoteza. Mtu huyo hataki mwimbaji. Anataka mtu atakayeona hatari kabla yake. Majibu ya kukariri anayasikia mara arobaini kwa siku, na yote ni mamoja.

Na la tatu, ndilo kubwa: anayekwenda na suti ya kuazima na maneno ya kuazima huenda kama MWOMBAJI. Anaomba ahurumiwe. Sisi wa vyama tumelijua hili tangu mwanzo: mfanyakazi haombi. Mfanyakazi anauza nguvu yake na akili yake, na mwajiri ananunua kwa kuwa anazihitaji. Oktoba 1962 Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi mapatano juu ya uhusiano kazini, mfanyakazi akatambuliwa kuwa mtu wa kukaa mezani. Chumba cha mahojiano ni meza pia. Mwuzaji mwema huijua mali yake, humjua mnunuzi wake, na huijua sheria ya soko. Tuyatazame haya matatu.

KWANZA, IJUE KAZI YENYEWE

Idara ya makampuni si kaunta ya akiba. Huko benki hushughulika na viwanda, wakulima wakubwa wa chai na maua, wajenzi wa barabara, waagizaji wa mafuta, maduka makubwa. Huwapa ovadrafti ya kuzungusha biashara, mikopo ya miaka ya kununulia mitambo, na dhamana za zabuni kwa makandarasi. Huwapa pia barua za kuhakikisha malipo, ambazo wenyewe huziita el-si.

Kijana aelewe el-si vizuri, maana huulizwa. Mfanyabiashara wa Nairobi anataka mitambo kutoka China. Mchina hamjui, hataki kupakia mzigo kabla ya pesa. Wa Nairobi naye hataki kutoa pesa kabla ya mzigo. Benki huingia katikati na kuandika barua: hati za meli na ankara zikiletwa sawasawa kama tulivyopatana, benki italipa. Angalieni: benki haitazami mzigo, inatazama KARATASI. Jina likikosewa, tarehe ikipita, malipo yanasimama. Na anayejua makosa hayo kuliko wote ni karani wa idara ya biashara za nje, mwanachama wetu, ambaye hajapata kuitwa kuhojiwa kwa cheo cha juu.

Sasa tulijibu lile swali lililomshinda binti yetu.

Tuseme iko kampuni ya mabati katika Eneo la Viwanda. Kila siku inauza mali iliyoigharimu shilingi 200,000. Mali hukaa ghalani siku 45 kabla ya kuuzwa. Wateja ni wenye hadwea wa Nakuru na Kisumu, huchukua kwa deni na kulipa baada ya siku 90. Kiwanda kinachoiletea mali huingoja siku 30 tu. Piga hesabu: 45 na 90 ni 135, toa 30, zabaki siku 105. Kwa siku 105 pesa ya kampuni iko njiani, haiko mkononi. Zidisha siku hizo kwa 200,000, utapata shilingi 21,000,000. Kampuni hiyo yaweza kuandika faida kila mwezi, mkaguzi wa hesabu akatia sahihi, na tarehe 30 isiwe na senti ya mishahara. Faida ni maandishi, lakini mshahara hulipwa kwa fedha taslimu.

Hilo ndilo jibu. Na mwenye kulijua anaweza kwenda mbele zaidi. Kampuni ikiomba milioni 20, anajua ni za kazi gani. Ikiomba milioni 60, anauliza hizo nyingine zinakwenda wapi. Pengine mwenyewe ananunua shamba Nanyuki kwa pesa ya mabati. Na biashara ikikua mara mbili bila kubadili siku zake, shimo nalo linakua mara mbili, linakuwa milioni 42. Kwa hiyo kampuni yaweza kufa ikiwa inakua, watu wakishangilia. Kijana atakayesema haya kwa Kiingereza cha kawaida, polepole, na penseli mkononi, atasikilizwa kuliko mwenye lafudhi ya London.

Basi kabla ya siku ile, atafute ripoti ya mwaka ya kampuni moja iliyo katika Soko la Hisa la Nairobi. Ripoti hizo ni wazi kwa kila mtu. Asome kurasa tatu: hesabu ya faida na hasara, mizania ya mali na madeni, na hesabu ya fedha taslimu zilizoingia na kutoka. Aangalie kama faida na fedha zinakwenda pamoja au zimeachana. Halafu afanye vivyo hivyo na ripoti ya ile benki yenyewe inayomwita. Benki nazo hutoa hesabu zao hadharani kila miezi mitatu. Humo ataona mikopo iliyokwama ni kiasi gani. Mkopo usiolipwa kwa siku 90 huhesabiwa kuwa umekwama, na Benki Kuu hutaka mikopo igawiwe mafungu matano, kutoka mzima hadi uliopotea kabisa. Atakayekuja na hesabu za benki ile ile mkononi, wahojaji wataweka kalamu chini wamtazame.

MAMA WA KIOSKI ANAJUA

Vitabu vya benki vinafundisha mambo matano ya kupima mkopaji: tabia yake, uwezo wake wa kulipa, mtaji wake mwenyewe, dhamana, na hali ya biashara kwa jumla. Vijana huyakariri kama katekisimu. Sisi tunasema nendeni kwa mama wa kioski pale Kayole mkamtazame akifanya kazi.

Mtu anakuja kuomba unga kwa deni. Mama anajiuliza: huyu hulipa? Hiyo ni tabia. Mshahara wake unatoka lini, na anadaiwa na nani mwingine? Huo ni uwezo. Ametoa nusu ya pesa, au anataka yote kwa deni? Huo ni mtaji. Ataacha simu yake hapa? Hiyo ni dhamana. Kiwanda anachofanyia kazi kinaandika watu au kinafuta watu? Hiyo ndiyo hali ya biashara. Mama huyu hukopesha kwa daftari la kurasa 48, na akikosea watoto wake hawali. Kijana aliyekulia nyuma ya kioski kile ana elimu ya mikopo ambayo wengine hulipia karo. Na tumemfundisha AIONEE HAYA!

Tena mama anajua jambo ambalo mabwana husahau: simu ya dhamana haiuziki kwa bei ya unga. Dhamana ni ya mwisho, si ya kwanza. Mkopo mzuri hulipwa na biashara. Mkopo unaongoja kuuza rehani umekwisha kuharibika.

Wahojaji pia hupenda kusema: "Tuambie siku uliposhindana na wenzako," au "Tuambie ulipokosea." Bwana wa majibu anawafundisha vijana kubuni hadithi. Msibuni. Chukueni mambo matatu ya kweli katika maisha yenu: ulipokuwa mweka hazina wa chama cha mtaa na pesa zikapungua, ulipoongoza wenzako chuoni wakagawanyika, ulipopiga hesabu ya duka la nyumbani ukaona hasara. Sema hali ilikuwaje, wewe mwenyewe ulifanya nini, na mwisho ukawa nini. Basi. Jambo la kweli halisahauliki hata ukitetemeka.

MKOPO MBAYA HUMWUA MFANYAKAZI KWANZA

Mtauliza: kwa nini chama kijali kama mikopo ni mizuri au mibaya? Si pesa za mabepari?

Tazameni Nakumatt. Lilikuwa duka kubwa kupita yote katika nchi hii, lenye matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Duka kama hilo huuza kwa taslimu na kuwalipa walioleta mali baadaye. Likapanuka kwa mikopo na kwa mali ya wauzaji ambao hawajalipwa. Mwaka 2017 rafu zilikuwa tupu, wauzaji wamechoka. Januari 2018 mahakama ikaliweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura lifungwe. Maelfu ya wafanyakazi wa maduka yale, waliopanga unga na kufagia sakafu, walikuwa wamekwisha jua kabla ya benki kwamba mambo yameharibika, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakiziona zile rafu. Je, ni ofisa gani wa mikopo aliyekwenda kumwuliza mpanga rafu?

Tazameni na mabenki yenyewe. Dubai Bank ilifungwa Agosti 2015, Imperial Bank Oktoba mwaka ule ule, Chase Bank Aprili 2016. Keshia na walinzi walikuta milango imefungwa kama wateja tu. Sheria ya mabenki inakataza mkopaji mmoja kupewa zaidi ya asilimia 25 ya mtaji wa msingi wa benki. Sheria ni nzuri, lakini sheria hulindwa na watu. Hulindwa na kijana wa miaka ishirini na minne anayeandaa faili na kusema: "Bwana Meneja, hii haiendi."

Kwa hiyo wakikuuliza, "Mkubwa wako akikuambia utie sahihi kwamba umeona mali ghalani nawe hujaenda, utafanya nini?", usijibu kwa maneno ya kupendeza. Sema: nitaomba niende ghalani kwanza, nikikatazwa sitatia sahihi, na nitaandika kwa nini. Benki isiyopenda jibu hilo haifai kukupa kazi. Siku ya hesabu mkubwa atasema sahihi ni yako.

Ajue pia habari za nchi. Ajue kwamba Septemba 2016 sheria iliweka mpaka wa riba, asilimia nne juu ya kiwango cha Benki Kuu, na kwamba mabenki yalikaza mikono kwa wafanyabiashara wadogo na kupenda kuikopesha Serikali, hata mpaka ule ukaondolewa Novemba 2019. Ajue kwamba Februari 2024 kiwango cha Benki Kuu kilifika asilimia 13, kikaanza kupunguzwa Agosti mwaka ule. Asome gazeti la asubuhi ile ajue kiko wapi sasa. Atakayeulizwa habari ya riba akajibu "itategemea" bila tarakimu, amejiondoa mwenyewe.

SHERIA YA SOKO

Sasa haki zenu, ambazo mwuza majibu hawatajieni.

Moja. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi hata wakati wa kuandika watu kazi: kwa kabila, jinsia, dini, ulemavu, uja uzito. Binti akiulizwa, "Utaolewa lini, utazaa lini?", ajue swali hilo halina haki pale. Ajibu kwa adabu, "Naomba tuzungumze juu ya kazi," na akitoka aandike swali, tarehe, na aliyeuliza.

Mbili. Vijana wengi hulipia vyeti vya polisi, kodi, mkopo wa masomo na CRB kabla hata ya kuitwa. Sheria ilirekebishwa mwaka 2022: mwajiri asidai vyeti hivyo ila kwa mtu anayekusudia kumwandika kazi. Msichome nauli na ada bure. Na mtu yeyote akitaka pesa ili upate nafasi ya kuhojiwa, huyo ni mwizi, hata akivaa tai.

Tatu. Majaribio ya kazi, kwa kifungu cha 42, yasipite miezi sita, na hayaongezwi bila wewe kukubali. Barua nyingine za kazi zinaficha sharti kwamba ukiacha kabla ya miaka fulani utalipa gharama za mafunzo. Usitie sahihi siku ile ile kwa furaha. Sema, "Asante, nitaisoma nyumbani," kisha umletee mwakilishi wa chama aisome nawe.

Nne. Sheria ya Uhusiano Kazini ya 2007, kifungu cha 5 pia, inamkataza mwajiri kumtaka mtafuta kazi asiwe mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga. Hatusemi upeperushe bendera siku ya kuhojiwa. Tunasema ujue.

Na mwisho wakikuambia, "Una swali?", usiseme "Sina." Asiye na swali ni mwombaji. Uliza: baada ya mafunzo nitawekwa idara gani, na nani atapima kazi yangu? Mwaka jana walioingia pamoja wako wapi sasa? Ofisa mpya huwa na makampuni mangapi ya kuangalia? Nitakuwa katika mapatano ya chama au nje, na kwa sababu gani? Hili la mwisho liache mpaka wamekwisha kukupa kazi kwa barua, lakini LIULIZE.

TUNAWAAMBIA MABENKI

Mabwana, nanyi mtusikilize.

Mnawahoji vijana mara nne, mara tano. Mtihani wa hesabu, mtihani wa kusoma, mchezo wa kikundi, na siku hizi hata mnawaweka mbele ya simu wajibu maswali ya mashine isiyo na macho. Nauli ni yao, siku ni zao. Kisha hamwandiki hata mstari mmoja kusema "hukufaulu". Mtu husubiri miezi, simu mkononi. Mteja mkubwa hamwezi kumfanyia hivyo. Mwandikieni kila mtu, kwa tarehe, na sababu.

Mnasema hampati watu wenye kujua kazi. Wako kaunta! Wako katika chumba cha el-si, wako katika faili za rehani. Fungueni mlango: nafasi yoyote ya idara ya makampuni itangazwe kwanza ndani, na karani aliyejisomea jioni ahojiwe meza ile ile, kwa maswali yale yale, na kijana wa chuo. Kijana akishinda kwa haki, tutamkaribisha. Lakini asipitishwe dirishani huku karani akizuiwa mlangoni.

Na acheni kutumia neno "ofisa" kama mkasi wa kukata watu kutoka katika mapatano. Anayefanya kazi ya karani ni karani, hata mkimwita Sultani.

TUNAWAAMBIA MATAWI

Ndugu, kulalamika hakutoshi. Kila tawi lichague jioni moja katika mwezi. Watoto wa wanachama waliomaliza chuo waje, na makarani wanaotaka kupanda waje pamoja nao, wakae benchi moja. Keshia aeleze akaunti za mishahara. Karani wa biashara za nje alete mfano wa hati zenye makosa, majina yamefutwa, maana siri ya mteja ni siri. Mzee wa rehani aeleze kwa nini hati ya shamba yaweza kuwa ya uongo. Mama wa kioski naye aalikwe, na alipwe soda na nauli. Kisha wahojiane wenyewe kwa wenyewe, kwa ukali, mpaka swali la faida na mishahara liwe jepesi kama salamu. Ada ni bure. Mwuza majibu atafute kazi nyingine.

Yule binti, mtataka kujua, hakupata kazi ile. Alirudi nyumbani akakaa kimya siku mbili, na siku ya tatu akamwambia baba yake lile swali. Mzee alicheka, akachukua bahasha ya stima, akaandika nyuma yake tarakimu zile zile tulizowaonyesha juu: 45, 90, 30. Walikaa mezani mpaka saa sita ya usiku. Mama alikuja mara mbili kuwaambia wazime taa. Binti ameitwa na benki nyingine, na safari hii suti ni ile ile ya binamu, lakini maneno ni yake.

Kijana, ukienda, nenda kama mwuzaji. Unayo mali. Jua bei yake, jua nani aliyekupa, na ukisha kuingia usifunge mlango nyuma yako.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi,
Kamati ya Elimu ya Chama